Imebadilika au imebadilishwa?

Fomu nyingi za mtandaoni Tanzania humtaka mtu ataje mahali kwa ngazi: mkoa, wilaya, kata. Mikoa iko 31, inaenea kwenye orodha kunjuzi moja bila taabu. Ukiteua Dodoma, orodha ya pili inajaa wilaya za Dodoma; ukiteua wilaya, ya tatu inajaa kata zake. Kenya ni mtindo uleule kwa majina mengine: kaunti 47, maeneobunge 290, wadi 1,450. Hakuna mwenye huruma atakayemimina wadi 1,450 kwenye orodha moja na kumwachia mtu azipitie kwa kidole gumba kwenye simu. Kwa hiyo orodha hufungwa mnyororo, ya juu ikiamua kilichomo kwenye ya chini, na hapo kazi huanza, ya msimbo na ya lugha pia.

Chukua mtu aliyejaza Dodoma, kisha Dodoma Mjini, kisha kata ya Majengo. Kabla ya kutuma anagundua kuwa fomu imemuuliza alikozaliwa, si anakoishi. Anarudi juu, anaweka Kilimanjaro. Orodha ya wilaya inajifuta na kujijaza upya, Hai inatokea ya kwanza kwa alfabeti, na kwa kuwa kweli kazaliwa Hai, haoni haja ya kuigusa. Anatuma. Kilichofika kwenye seva ni Kilimanjaro, Hai, Majengo, na namba iliyojificha nyuma ya neno Majengo ni ya kata ya Dodoma. Mkaguzi wa kumbukumbu hashtuki, maana Majengo ni jina lililoenea. Hata Moshi ipo kata inayoitwa hivyo. Wala anayeijaribu fomu kabla haijatolewa hatalikuta kosa hili kirahisi. Yeye hugusa kila kisanduku kwa zamu, na ukiigusa wilaya kwa mkono tu, kata inajirekebisha.

Sababu ni fupi. Kivinjari hutangaza tukio liitwalo "change" pale mtu anapobadilisha chaguo kwa mkono wake. Msimbo ukibadilisha thamani ileile, kivinjari kinanyamaza. Orodha ya kata ilikuwa ikiisikiliza wilaya, na wilaya kweli ilipata thamani mpya, lakini hakuna aliyepiga mbiu. Wala hii si hitilafu ya kivinjari fulani. Vyote hufanya hivyo, na utaratibu huu una faida yake: kama msimbo ungetangaziwa kila ulichokifanya wenyewe, sehemu mbili zinazorekebishana zingeshikana zisiachane.

Sasa litazame jina la tukio lenyewe. Kwa Kiingereza neno hilo moja linabeba mambo mawili: kitu kuwa tofauti na kilivyokuwa, na mtu kukifanya kiwe tofauti. Msanidi programu anayesoma jina hilo ana haki ya kuamini kwamba thamani ikiwa mpya, tukio litatokea. Mswahili hawezi kuyasema mambo hayo mawili kwa kitenzi kimoja hata akitaka. Wilaya imebadilika: kweli. Wilaya imebadilishwa: kweli, na msimbo. Mtu amebadilisha wilaya: si kweli. Sentensi tatu, mzizi mmoja, na mtoto wa shule ya msingi hazimchanganyi. Kivinjari kinajali ile ya tatu peke yake.

Ndiyo maana sipendi tafsiri inayokuja haraka mdomoni, "tukio la mabadiliko". Neno mabadiliko limezaliwa na badilika. Linasema kitu kimekuwa kingine, halisemi nani kakigeuza. Kwa hiyo tafsiri hiyo inalichukua lile kosa la Kiingereza na kulipa makazi ya kudumu kwetu, mahali ambapo halikuwa na sababu ya kuhamia. Nomino inayofaa ingetoka kwa badilisha, na ingekuwa ubadilishaji, ambayo nakiri ni nzito. Mimi ningeacha nomino kabisa na kuandika: mtu akibadilisha.

Hapo pana jambo pana kuliko neno moja. Orodha zetu za istilahi za kompyuta, za ofisini na za vyuoni, ni orodha za majina. Anayetunga huulizwa "kitu hiki kinaitwaje?", naye hurudi na jina: kiolesura, kivinjari, tarakilishi kwa Wakenya na kompyuta kwa Watanzania. Kwa vitu vinavyokaa mezani au kwenye skrini, njia hiyo inatosha. Lakini mawasiliano ya sehemu za ukurasa si vitu. Ni mambo yanayotokea, mmoja akisema na mwingine akiitika, na kwa mambo ya aina hiyo utajiri wa Kiswahili uko mwishoni mwa kitenzi, kwenye vinyambuo. Hata katika kazi za mwanzo za kuzifanya programu ziseme Kiswahili, kama Jambo OpenOffice iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, naona maneno yasiyohitaji maelezo ni yale ya amri: hifadhi, nakili, bandika, futa. Hakuna aliyelazimika kufundishwa maana ya bandika.

Waliolifikiria mwanzo kabisa suala la sehemu za skrini kupashana habari, tukisoma kazi yao kwa Kiswahili, walisimama upande wa badilika. Mwaka 1979 Trygve Reenskaug, Mnorwei aliyekuwa mgeni katika maabara ya Xerox PARC huko California, alipendekeza kutenganisha data na sura zake kwenye skrini. Katika lugha ya Smalltalk-80 iliyotoka kwenye maabara hiyo, kitu chenye data hutunza orodha ya wategemezi wake, na hali yake ikiwa mpya hujitangazia "changed", yaani nimebadilika, kisha kila mtegemezi hupokea agizo la kujisasisha. Hakuna anayeuliza ni mtu au ni msimbo uliosababisha. Ukiandika ile fomu ya mikoa kwa desturi ya Smalltalk, kata ya Majengo haibaki nyuma.

Wavuti ulianzia kwingine. Brendan Eich alipoiandika JavaScript pale Netscape mwaka 1995, ukurasa ulikuwa maandishi yenye fomu ndani yake, na moja ya kazi kubwa za lugha hiyo changa ilikuwa kukagua alichojaza mtu kabla hakijapelekwa mbali. Tukio lilimhusu mtu kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kugusa fomu. Miaka ikapita, kurasa zikawa programu nzima, msimbo ukawa unajaza visanduku vingi kuliko watu, na jina likabaki lilelile.

Kisha likaongezwa fundo lingine. Katika kisanduku cha maandishi, "change" ya kivinjari hungoja mtu amalize na kuondoka kisandukuni. Kwa kila herufi inayoingia kuna tukio jingine, "input". React, maktaba ya msimbo iliyotolewa hadharani na Facebook mwaka 2013, ina "onChange" yake inayoitika kwa kila herufi. Jina ni moja, tabia mbili, kwenye ukurasa mmoja. Mwalimu wa Kiswahili angekuwa na swali la kuuliza hapa: unamaanisha anabadilisha au amebadilisha? Hali ya kuendelea na hali timilifu, tofauti inayobebwa na -na- na -me-, ndiyo tofauti yote kati ya matukio haya mawili.

Kuna njia mbili za kuiponya ile fomu. Ya kwanza ni kupiga mbiu kwa mkono: msimbo ukishaiweka wilaya mpya, utangaze wenyewe tukio la kubadilisha, na kata itasikia. Kivinjari hukubali, ila kinalitia tukio hilo alama kwamba limetungwa, halikutoka kwa mtu. Inafanya kazi, na nimeona mifumo mikubwa ikiishi hivyo. Lakini ongeza kijiji chini ya kata, ongeza msimbo wa posta pembeni, ongeza kitufe cha kunakili anwani ya makazi kwenye anwani ya kuzaliwa, na baada ya muda kila kisanduku kinamsikiliza mwenzake na hakuna anayeweza kusema mbiu ilianzia wapi.

Facebook wenyewe walilieleza tatizo la jamaa hii mwaka 2014 walipotangaza mpangilio wa Flux. Namba nyekundu juu ya ukurasa ilimwambia mtu ana ujumbe mpya, anafungua, hakuna kitu. Walirekebisha, na kosa likarudi, kwa sababu sehemu kadhaa za ukurasa zilikuwa na hesabu yake kila moja, nazo zilikuwa zikiarifiana kwa njia nyingi.

Dawa yao ndiyo njia ya pili: sehemu zisisemezane zenyewe kwa zenyewe. Kila moja impashe mzazi habari, mzazi atunze ukweli mmoja, kisha augawe kwa wanawe. Habari inapanda, data inashuka. Maneno ya ukoo hapa si pambo. Ukurasa wa wavuti ni mti wenye mzazi na mwana, na tumeyapokea bila ubishi. Tatizo ni ndugu. Kwetu ndugu ni neno kubwa, linamchukua binamu, jirani wa kijijini, na kwa miaka mingi Tanzania lilimchukua kila raia. Katika mti wa ukurasa ndugu ni wale wenye mzazi mmoja tu, na ikiwa unaandikia wanafunzi ni afadhali useme ndugu wa tumbo moja, la sivyo watalitafuta tukio kwa shangazi.

Katika kuyapa majina mawasiliano haya ya sehemu, vitabu vya ufundi vimepita kwenye viungo vitatu vya mwili. Waandishi wanne wa kitabu maarufu cha 1994 kuhusu mitindo ya usanifu wa programu, Gamma, Helm, Johnson na Vlissides, walichagua jicho: sehemu moja inamtazama mwenzake, ingawa waliandika pia kwamba mtindo huo huitwa wategemezi, wakilikumbuka neno la Smalltalk. Java ya 1997 ilichagua sikio, na wavuti ukalifuata. Wakati huohuo kipande cha msimbo kinachofanya kazi yenyewe kimepewa mkono.

Sikio linatufaa kuliko jicho, kwa sababu tuna sikia na sikiliza. Kusikia kunakupata, kusikiliza unakuamua. Kisanduku cha kata kinaisikiliza wilaya muda wote ukurasa ukiwa wazi, na kinasikia mara moja moja, tena pengine kisisikie kabisa. Ukiandika kwamba sehemu fulani "haisikii", msomaji mwenye uzoefu atauliza kwanza: je, inasikiliza? Swali hilo ndilo hatua ya kwanza ya kutafuta kosa, nalo limo ndani ya vitenzi vyenyewe.

Mkono ndio umetuletea shida. Istilahi inayozunguka ni kishughulikia tukio, silabi tisa, na hata ukivumilia urefu wake, maana inapotosha. Kushughulikia ni kujitwika jambo na kuhangaika nalo mpaka liishe. JavaScript ya ukurasa hufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Kipande hiki kikijishughulisha kwa sekunde tatu, ukurasa mzima unaganda sekunde tatu, vitufe havibofyeki, mtu anadhani simu imekufa. Kinachotakiwa kiwe kifupi na kiachie nafasi. Tunalo neno la hilo, nalo liko kwenye ngoma: kiitikio. Mtoa wimbo anatoa, wengine wanaitika pale panapostahili na kunyamaza tena, na hakuna anayekigeuza kiitikio kuwa wimbo mpya. Wahakiki wa ushairi wanalitumia, waimbaji wanalitumia, na sioni hasara waandishi wa programu wakilikopa. Wilaya ikibadilishwa, kiitikio cha kata ni kujifuta na kuomba orodha mpya.

Kuhusu njia linayopita tukio, tafsiri imeteleza zaidi. Mwaka 1997 Netscape na Microsoft walitoa kila mmoja toleo la nne la kivinjari chake, na walipingana: kwa Netscape tukio lilishuka kutoka juu ya mti hadi kwenye kitufe kilichobofywa, kwa Microsoft lilianzia kwenye kitufe likapanda. Shirika la viwango la W3C likaamua Novemba 2000 kuwaridhisha wote: lishuke kwanza, lifike, kisha lipande. Kupanda huko Kiingereza kimekufananisha na kiputo cha hewa majini. Nimeona mtu akiandika "kububujika". Kinachobubujika ni chemchemi; maji yanatoka kwa wingi na kuenea pande zote, ilhali tukio linapita njia moja tu, kwa mzazi, kwa babu, mpaka mzizini. Nalo neno kukwea mti lina utani wake, kwani mti wa ukurasa umepandwa mzizi juu. Anayekwea anauendea mzizi. Kupanda peke yake kunatosha. Tukio linapanda. Mengine hayapandi, lile la kisanduku kupokea kiteuzi, kwa mfano, hukaa lilipotokea.

Lakini katika safari hiyo kuna jozi ambayo huwasumbua wanafunzi kwa miezi. Tukio hubeba taarifa mbili za mahali: "target", yaani sehemu lilikoanzia, na "currentTarget", yaani sehemu ambayo kiitikio chake kinafanya kazi sasa hivi. Majina hayo ya Kiingereza yanafanana kama mapacha, na neno lenyewe linadokeza shabaha, kana kwamba kuna aliyelenga. Kwa Kiswahili ni lilikoanzia na lilipofika. Ile -ko- inaonyesha mahali pa mbali kidogo, pasipo mikononi mwetu; -po- inaonyesha hapa hasa tulipo. Mzazi aliyesikia habari ya mwanawe anahitaji yote mawili, alikotoka mleta habari na hapa ilipopokelewa. Wataalamu wa sarufi hutumia kurasa nyingi kutofautisha -po-, -ko- na -mo-, na wanafunzi hupiga miayo. Hapa tofauti hiyo inaokoa saa nzima ya kuhangaika.

Nina deni la neno moja la mtaani. Mtu anapoandika kwenye kisanduku cha kutafuta jina la kata, si vyema kila herufi ipeleke ombi kwenye seva. Waandishi wa programu huweka subira fupi: vidole vikitulia kwa sehemu ya sekunde, ndipo ombi liende. Kiingereza kimelikopa neno lake kwa mafundi wa umeme, ambao swichi zao hurukaruka kidogo kabla ya kugusana sawasawa. Vijana wa Dar es Salaam wana kusikilizia: nasikilizia kwanza, nione mambo yanakwendaje. Sidhani kamati yoyote ingelipitisha, lakini najua litakavyopokewa ukilisema mbele ya darasa.

Kinyambuo kinachofanya kazi kubwa kuliko vyote hapa ni -ana. Kata inategemea wilaya, wilaya haitegemei kata. Lakini kisanduku cha shilingi na kisanduku cha dola vinategemeana: ukiandika huku, kule kunageuka, na kinyume chake. Kiingereza kinahitaji kivumishi kueleza kwamba kifungo ni cha njia mbili. Sisi tunaongeza silabi. Ukisoma mpango wa mfumo ulioandikwa kwa Kiswahili, kila penye -ana ni mahali pa kuogopa kidogo.

Majibu nayo hupitana. Mtu ameteua Dodoma, mara akaghairi akaweka Kilimanjaro. Maombi mawili yametoka, mtandao ni wa kusuasua, jibu la Kilimanjaro linatangulia na la Dodoma linafuata na kulifuta. Skrini inaonyesha mkoa wa Kilimanjaro wenye wilaya za Kondoa na Mpwapwa. Kwa Kiingereza huitwa mbio, ingawa hakuna anayeshindana. Majibu yamepitana njiani, basi. Dawa ni kulivunja ombi la kwanza linapotoka la pili, au kulipa kila ombi namba na kulitupa jibu lisilolingana na namba ya mwisho.

Na hapo hapo kwenye -ana ndipo Kiswahili kinaponikwamisha. Shilingi inabadilisha dola, dola inabadilisha shilingi. Ningetaka kusema zinabadilishana, lakini kubadilishana kumeshachukuliwa, tena na biashara ileile: ni kupeana, nikupe zangu unipe zako. Kwenye fomu ya fedha utata huo haukubaliki. Kufuatana kunaleta foleni. Kwa sasa naandika zinaitikiana, nikilirudisha lile neno la ngoma, na naona linabeba hata hatari yake: shilingi inaitika, dola inaiitikia, desimali zinakatwa kidogo kila mara, thamani haitulii, na kiitikio hakina anayekikatisha. AngularJS, mfumo uliotoka Google mwaka 2010 na kuueneza mtindo huu wa kutegemeana, uliwekewa kikomo: ukizunguka mara 10 na thamani bado zinageukageuka, unaacha na kutoa kosa. Ujumbe wake wa kosa ni wa Kiingereza. Kwa Kiswahili ningeuandika: zimeitikiana mara 10 bila kutulia, angalia nani anamjibu nani.